Kwenda Uwemba na Kioo Ndani ya Sufuria

Tangu nirudi, wenzangu wa juu ya paa mmekuwa mkinipigia mmoja mmoja kuuliza jambo lilelile: mwezi ulipopatwa, niliuona? Niliuona. Lakini kila nikijibu hivyo nabaki na simu mkononi nikijua sijasema kitu. Nimeona niandike mara moja, wote msome.

Kwa atakayesoma bila kunijua, naitwa Yusta. Ninasaga lenzi katika duka la miwani Dar es Salaam, na Jumamosi jioni mimi na wenzangu wachache hupanda juu ya paa la nyumba ya mmoja wetu kutazama nyota. Kioo cha darubini yetu nilikisaga kwa mikono yangu. Upana wake ni kama sahani ya wali, na katikati kimebonyea kidogo sana, kiasi kwamba kwa macho hutambui. Kazi yake ni kukusanya mwanga hafifu na kuurudisha mahali pamoja. Kinakaa chini kabisa ya bomba la plastiki, lile la maji machafu, tulilolipaka rangi nyeusi kwa ndani. Karibu na mdomo wa bomba kuna kioo kingine, kidogo na bapa, kinachoupeleka mwanga ubavuni kwenye lenzi ya kuchungulia. Basi. Hakuna umeme wala injini.

Niliipeleka Uwemba kwa dada yangu Emeliana. Sababu ya kwanza mnaijua: taa za jiji letu zimemeza nyota zote isipokuwa zile kubwa, na kule juu Njombe, wakati wa kiangazi, anga huwa kavu na jeusi. Sababu ya pili ni dada mwenyewe. Ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Maisha yake yote alikuwa fundi cherehani, na sasa macho yake yalikuwa yanafifia, ameacha kushona na hatoki nyumbani. Nilitaka kukaa naye usiku ule.

Nilimpigia mkwe wake, Konsolata, anayeishi naye. Mtandao ulikuwa unakatikakatika. Nikamuuliza hali ya macho ya dada, nikamwambia nakuja na kioo kikubwa cha kutazamia. Akasema, "Mama mdogo, tutashukuru sana." Nikaona ni maneno mazito kidogo kwa jambo la kutazama mwezi, lakini sikuuliza zaidi.

Kutoka Dar es Salaam hadi kwenye misonobari ya Mafinga

Bomba lilikubali kuingia kwenye buti la basi pamoja na mizigo mingine. Kioo sikuthubutu kukiweka huko. Nilikifunga kwa kitenge, nikakilaza ndani ya sufuria, nikafunika mfuniko na kuukaza kwa mpira wa baiskeli, kisha nikakipakata.

Jirani yangu wa kiti alikuwa seremala wa Mawengi, huko Ludewa, aliyeitwa Kasian. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye vidole vipana. Tangu Morogoro nilimwona akiiangalia ile sufuria. Tuliposhuka kula, nilinunua mahindi ya kuchoma na soda, nikarudi kula sufuria ikiwa mapajani, imefungwa vilevile. Tulipomaliza kuupanda Mlima Kitonga hakuvumilia tena.

"Dada, hicho chakula kitachacha."

"Si chakula, kaka. Ni kioo."

"Kioo cha kujitazama?"

"Cha kutazamia nyota."

Akanyamaza hadi tulipofika Iringa. Pale ndipo aliponigeukia akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe. Nilikuwa nafikiri unaninyima."

Tulicheka, na kuanzia hapo tukawa kama ndugu. Alinigawia ndizi mbivu alizokuwa nazo, mimi nikamfungulia sufuria. Alikitazama kioo bila kukigusa, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, akauliza nilikuwa napimaje kama kimebonyea sawasawa. Nikamweleza jinsi unavyokimulika kwa taa ndogo, ukaukata kwa wembe mwanga unaorudi, na kivuli chake kikakuonyesha palipokosewa. Alitikisa kichwa na kusema yeye kwenye mbao ameshazoea kuamini kiganja.

Tulipoiacha Mafinga nyuma, basi likaanza kunuka mpira ulioungua. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Dereva akaegesha kando ya misonobari, utingo akadandia lori kurudi mjini kutafuta mkanda mwingine, na sisi tukashuka. Jua lilikuwa linazama. Baridi ikaanza kutuingia kwenye mikono ya nguo, watu wakatoa mashuka na khanga kwenye mabegi. Hakuna aliyegomba. Mwezi ukachomoza juu ya miti, bado kidogo tu uwe mpevu.

Kasian aliuliza huko kupatwa kwa mwezi kesho kutakuwaje hasa. Nikaomba tochi kwa dereva na chungwa kwa mama mmoja. Tochi ikawa jua, chungwa likawa dunia, na mfuniko wa sufuria ukawa mwezi. Kasian akashika mfuniko. Nilipoliweka chungwa katikati, kivuli chake kikatambaa juu ya mfuniko, mviringo kabisa, na watu wakasogea.

Yule mama mwenye chungwa akasema, "Ngoja kidogo. Kila mwezi unapokuwa mpevu, jua liko upande huu na mwezi upande ule. Mbona haupatwi kila mara?"

Nyote mnakumbuka jinsi swali hilo lilivyotusumbua mwaka wetu wa kwanza. Nilimwambia Kasian ainue mfuniko kidogo. Kivuli kikapita chini yake. Nikamwambia aushushe. Kivuli kikapita juu. "Njia ya mwezi imeinama kidogo," nikasema. "Mara nyingi unapita juu ya kivuli chetu au chini yake. Kesho utapita katikati."

"Na utakuwa mweusi?"

"Utakuwa mwekundu, kama kutu. Hewa inayoizunguka dunia hupindisha mwanga kidogo na kuuchuja, wekundu ndio unaopenya. Ni mwanga wa machweo na mapambazuko ya dunia nzima kwa wakati mmoja."

Mama akalichukua chungwa lake, akalimenya, akatugawia. Tulikuwa tumeshamaliza kula utingo aliporudi na mkanda.

Makambako

Nilikuwa nimepanga kulala Njombe. Tulifika Makambako magari ya kwenda huko yakiwa yameshakwisha, kwa hiyo Kasian akanisindikiza hadi gesti moja karibu na barabara ya Songea, akiwa amebeba bomba begani. Mwenye gesti, mama mnene aliyejifunga mashuka mawili, alitutazama na uso wake ukachangamka.

"Fundi. Umekuja wakati wake. Tangi la choo cha mwisho halijazi tangu juzi."

Nikamwambia mimi si fundi bomba. Akalitazama bomba, akanitazama mimi.

"Hili halipitishi maji, mama," nikasema. "Linapitisha mwanga."

"Umeme?"

"Hapana. Mwanga wa nyota."

"Basi ni sola," akasema, akaona yamekwisha. Alinipa ufunguo wa chumba, lakini kila nilipotoka kwenda bafuni nilimkuta amesimama koridoni akinitazama kwa masikitiko, kama mtu aliyemwona daktari akimkataa mgonjwa. Mwishowe nikaingia kwenye hicho choo. Boya la tangi lilikuwa limenasa ukutani. Nikalisukuma kwa kidole, maji yakaanza kujaa.

"Unaona?" akasema. "Ulikuwa unaringa tu."

Asubuhi upepo wa Makambako ulikuwa ukipeperusha vumbi na mifuko barabarani, malori yakinguruma kuelekea Mbeya. Mama aliniletea chai ya maziwa, chapati na supu ambayo sikuagiza. Hakutaka kusikia habari ya malipo ya supu, ni ya fundi. Kasian alikuja kuniaga. Yeye alikuwa anabaki kidogo kununua bawaba na misumari kabla ya kuendelea nyumbani. Aliniuliza kama kule Mawengi watauona mwezi bila darubini, nikamwambia kupatwa kwa mwezi ndiko kunakomtosha kila mtu, macho matupu yanafaa kabisa na hayadhuriki, kwa kuwa tunatazama mwezi tu, si jua. Alifurahi. Akasema atamwamsha hata mama yake, nikamwambia hana haja, mwezi utaanza kuliwa watu wakiwa bado wanakula chakula cha jioni.

Makambako hadi Njombe

Kipande hiki kilikuwa kifupi na kizuri. Mashamba ya parachichi yalishuka mabondeni, mikaratusi ikasimama kwenye vilima, na ukungu ulikuwa bado umelala chini. Nusu ya njia Konsolata akapiga simu.

"Mama mdogo, umefika wapi? Watu wameshaanza kukaa uani."

"Mapema yote hii? Waambie ni jioni."

"Wengine wametoka mbali, hawataki kukosa nafasi."

Nilijaa furaha. Kwa miaka yote hiyo, kule Dar tumeshindwa kuwapandisha juu ya paa hata wapangaji wa nyumba ileile, na huku watu wanatembea tangu asubuhi kuja kuona mwezi. Nikamwambia dereva wa gari habari hizo, naye akasema watu wa Uwemba ni watu wa maendeleo.

Njombe ilinipokea kwa baridi ya kuuma masikio na mawingu mazito yaliyokuwa yamekaa juu ya mji kama blanketi. Hapo furaha ikapungua. Nilizunguka sokoni nikiangalia juu kila baada ya hatua chache. Mama mmoja muuza viazi akanisalimu, "Kamwene," nikaitikia, akanisogezea benchi. Alinipa viazi vya kuchemsha, maharage yaliyoungwa vizuri, na parachichi lililokatwa katikati likanyunyiziwa chumvi. Nikamuuliza kama mawingu yale yataondoka.

"Una nguo zinakauka?"

"Nataka kutazama mwezi."

"Upepo ukianza mchana yataondoka," akasema. "Usipoanza, utautazama kesho."

Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba kesho hakuna.

Njombe hadi Uwemba

Gari la kwenda Uwemba lilikuwa linasubiri kujaa, na abiria tulikuwa wachache. Tulisubiri mpaka nikakata tamaa, kisha nikapata lifti kwenye pikapu iliyobeba mbegu za viazi. Bomba likalazwa juu ya magunia, mimi na sufuria tukakaa mbele. Dereva alikuwa akiendesha taratibu, lakini kwenye korongo moja tulirushwa, na nyuma yetu nikasikia bomba likibiringika. Tuliposhuka kulifunga upya nilichungulia ndani. Kioo kile kidogo kilikuwa kinaning'inia. Kinashikwa na vipande vitatu vyembamba vya bati, na kimoja kilikuwa kimechomoka, skrubu yake imeanguka mahali fulani kati ya magunia. Hatukuiona.

Tulipita kanisa kubwa la misheni, tukapita miti ya misonobari, na dereva akanishusha mbele ya nyumba ya dada.

Uani walikuwa wamekaa watu kama kumi na kitu. Kulikuwa na mzee ameshika kofia mapajani, akina mama wenye mashuka mabegani, na bibi mmoja aliyekuwa amefunika jicho moja kwa leso. Chini ya kibaraza waliweka meza, wakaitandika kitambaa cheupe, na juu yake beseni la maji, sabuni na taulo safi lililokunjwa. Kando ya meza kulikuwa na viti viwili vinavyotazamana.

Nilielewa kabla mtu hajasema neno.

Dada alikuwa amekaa karibu na mlango, amevaa gauni lake la kwenda kanisani. Nikapiga goti mbele yake. "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu." Alinyoosha mikono, akanigusa uso, akashuka hadi kwenye sufuria. Aliipapasa pande zote. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Anza na wageni," akasema. "Mimi mwenye nyumba nitakuwa wa mwisho."

Konsolata alikuwa amesimama nyuma yake akitabasamu. Mtandao ulikuwa umemletea maneno mawili matatu tu, kioo kikubwa, na macho ya dada, na mengine akayajaza mwenyewe. Mama mdogo wa mumewe anafanya kazi ya miwani jijini. Angefikiri nini kingine?

Nilisimama, nikawaambia. Sikupamba maneno. Nilisema kifaa nilichokuja nacho ni cha kutazama mwezi na nyota, hakiponyi macho, na kwamba tumeelewana vibaya kwenye simu, kosa ni langu kwa kutorudia. Kisha yule mzee akavaa kofia yake na kusema kwa upole, "Basi tumekuja kutazama mbingu. Si vibaya."

Hata hivyo sikuwaacha waondoke hivihivi. Niliwakalisha mmoja mmoja kwenye kile kiti, nikawamulika kwa simu, nikawasomesha maandishi ya kwenye mfuko wa mbolea. Wengi walihitaji miwani ya kusomea tu, nikawaambia namba za miwani za kuulizia mjini. Yule bibi wa leso na mama mwingine mmoja walikuwa na mtoto wa jicho, mboni imekuwa nyeupe, nikawaeleza kwamba hospitali huuondoa ugonjwa huo na mtu akaona tena, wasikae nyumbani. Bibi aliniuliza mara tatu kama nina uhakika. Nikamwambia hilo nina uhakika nalo.

Nilipogeuka, kiti cha dada kilikuwa kitupu.

Jikoni

Nilimkuta jikoni, kile kibanda cha nyuma, amekaa karibu na moto. Sufuria ya makande ilikuwa inachemka. Nikakaa kwenye kigoda.

"Daktari alikuambia nini, dada?"

"Alisema katikati ya jicho pamechakaa. Akasema hakuna miwani itakayosaidia." Alisukuma kuni ndani. "Nikamhurumia. Nikasema huyu hana mdogo anayesaga lenzi."

Kisha nikamweleza jinsi ninavyojua. Lenzi inarekebisha njia ya mwanga unapoingia jichoni. Kwake yeye mwanga unaingia vizuri tu, pale unapoangukia ndipo palipokufa. Ningeweza kusaga mchana na usiku, mahali pale pasipokee kitu.

"Umesema," akajibu. "Basi."

Aliniambia mambo mengine bila kulalamika. Kwamba kila anachokitazama kinageuka doa la kijivu. Kwamba sura za watu zimefutika, na kanisani aliwapita watu bila kuwasalimu mpaka wakaanza kusema fundi Emeliana siku hizi ana majivuno. Ndipo akaacha kutoka.

Nilitoka nje nikakaa kizingitini na bomba langu, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Nilijaribu kukirudisha kile kioo kidogo. Bila skrubu bati lilikuwa linachomoka kila nilipoliachia. Nadhani nilikuwa nasonya.

"Nini kimekatika?" dada akauliza kutoka ndani.

"Mguu wa kioo kidogo."

"Nilete."

Alitoka na kopo lake la nyuzi. Alipitisha mkono mdomoni mwa bomba, akapapasa kile kipande cha bati, tundu lake, na tundu la bomba. Alichagua uzi mnene wa kushonea mabegi, akaupaka nta ya mshumaa, akaniambia nimtungie sindano kwa kuwa hilo tu ndilo asiloliweza tena. Mengine yote alifanya kwa vidole. "Shika hapa. Usikaze. Sasa vuta." Alipomaliza, kioo kilikuwa kimetulia kuliko kilivyokuwa Dar. Nilikirekebisha kielekeane sawasawa na kile kikubwa, na wakati huo upepo ulikuwa umeanza. Mawingu yalikuwa yanakatika vipande vipande yakielekea magharibi.

Uani

Mwezi ulichomoza mpevu nyuma ya misonobari, mweupe kiasi kwamba vivuli vyetu vilikuwa wazi chini. Watu walirudi, na wengine wapya wakaja. Tulikula makande. Kisha ukingo wa chini wa mwezi ukaanza kuwa na kama moshi, na moshi ukawa pengo.

Waliingia foleni kwenye darubini. Yule mzee wa kofia alichungulia kwa muda mrefu, akasema kivuli kina duara. Nikamwambia ndiyo, huo ni mviringo wa dunia, yeye na mimi na Uwemba tumo humo. Akarudi kwenye mstari ili aone tena. Niliwageuzia pia darubini kwenye sayari ya Zohali, iliyokuwa chini ya mwezi kidogo. Msimu huu pete zake zimetugeuzia ukingo, zinaonekana kama mstari mwembamba tu, na Konsolata akasema ni kama shanga iliyochomwa sindano.

Dada alikuwa amebaki jikoni. Mwezi ulipokuwa umebakiza ukucha, alitoka amejifunika blanketi, akasimama kando yangu.

"Uko wapi?"

Nikamgeuza mabega kuelekea mashariki. Aliinua uso.

"Nikiutazama unapotea," akasema. Akageuza macho kidogo. "Nikiutazama mti, unarudi."

Nilikuwa namwelekeza mtu mwingine kwenye lenzi, nikaacha. Nyote mnajua nilichokumbuka. Kila anayepanda kwetu mara ya kwanza hulalamika kwamba nyota hafifu hazioni, nasi humwambia asizitazame usoni, atazame kando yake. Katikati ya jicho panapenda mwanga mwingi na rangi. Gizani hapafai kitu, kwa mtu yeyote. Pembeni mwa jicho ndipo panapoona usiku.

Nilimwambia dada hivyo hivyo. "Sisi sote hapa usiku huu ni vipofu katikati, dada. Kwenye nyota hafifu hakuna anayeziona kwa kuzikodolea."

"Hata wewe?"

"Hata mimi."

Mwezi ukazama wote kivulini, ukawa na rangi ya kutu, na ule weupe uliokuwa umefunika anga ukaondoka. Nyota zilitoka zote kwa pamoja. Watu wakashusha sauti. Kila mtu alikuwa anatazama mashariki kwenye mwezi mwekundu. Mimi nikamgeuza dada upande wa pili, kuelekea magharibi, ambako Nge, kundi la nyota lenye mkia uliopinda, alikuwa anainamisha kichwa na Njia Nyeupe, ule mto wa nyota, imepanda kutoka mkiani mwake hadi juu ya vichwa vyetu.

"Tazama paa la jiko," nikamwambia. "Usitazame juu ya paa. Macho yako yaache hapo hapo, na uniambie kama kuna kitu chochote juu yake."

Alisimama muda mrefu. Niliogopa. Nilikuwa nimeshamvunja moyo mara moja siku hiyo.

"Kuna kitambaa," akasema.

"Kipoje?"

"Cheupe. Kama chaki ya fundi uliyoipangusa kwa mkono ikabaki imetapakaa. Kinapanda." Aliinua mkono akaufuata mstari wake, na mkono wake ulikuwa sahihi. "Hapa katikati kimeachana. Kama mshono uliofumuka."

Sikuwa nimemwambia chochote kuhusu lile pengo. Ni vumbi jeusi linaloikata Njia Nyeupe katikati, na kule Dar hatujawahi kuliona hata mara moja, tunalisoma tu. Nilijibu kwamba ni kweli, umefumuka. Akanishika mkono.

Nilimleta kwenye darubini, nikaielekeza kwenye kishada cha nyota kilicho karibu na mkia wa Nge. Nilimwambia atazame ukingo wa duara linaloonekana kwenye lenzi, si katikati yake. Akazipata. Alizihesabu kwa sauti ndogo, akapotea, akaanza upya. Watu nyuma yetu walisubiri. Hakuna aliyemharakisha.

Barabarani, asubuhi

Nilikaa siku mbili zaidi, ambazo sitazieleza zote. Sikuwa nimemponya dada yangu. Bado nilimtungia sindano, na kitabu cha nyimbo bado ni karatasi ya kijivu kwake. Lakini asubuhi ile ya kwanza nilimkuta kibarazani ametazama nguzo, na kuku walipopita kando yake akawa anawataja kwa rangi. Baadaye akajaribu vikombe. Baadaye akamwambia Konsolata asimame mlangoni na asicheke.

Siku ya kuondoka alinisindikiza hadi barabarani, Konsolata amebeba bomba, mimi sufuria. Gari lilikuja mapema, kwa mara ya kwanza katika safari nzima. Dereva akapiga honi, utingo akashuka kuchukua mzigo.

Nikamuaga dada. Hakunijibu. Alikuwa ameugeuza uso pembeni, anatazama mikaratusi iliyo ng'ambo ya barabara, na nilidhani analia hataki nione.

"Una mvi, Yusta," akasema. "Hapa mbele. Na uso wako umekuwa wa mama kabisa."

Dereva akapiga honi tena. Nikainua mguu kupanda.

"Mwambie asubiri," dada akasema, bado ameitazama miti. "Sijamaliza kukutazama."